Dhahabu Nyekundu

Nizar alichovya ncha ya karatasi katika supu ya mama yake. Wekundu ukafifia, ukawa zambarau, kisha buluu ya kukolea.

"Umeona, mama?"

Bi Mannoubia akalisukuma bakuli. Tangu mvua za kwanza tumbo lilikuwa likimsokota, na madaktari wa mjini Sfax hawakuona kitu. Ni mwanawe huyu, mwalimu wa kemia chuo kikuu, aliyekuja na jibu: karatasi alizozichapa mwenyewe maabara, kwa printa iliyojazwa chembe za dhahabu badala ya wino. Dhahabu ikisagwa ikawa ndogo kuliko vumbi, alieleza, huwa nyekundu kama maji ya komamanga. Ikiguswa na sumu hugeuka buluu.

Alikwisha kuwaonyesha kwa maji ya bomba. Karatasi ilibaki nyekundu.

"Wallahi, mama, sijatia kitu!" Dorsaf, mkewe Nizar, alipiga magoti. "Shayiri, nyanya, pilipili na chumvi, basi. Tena chumvi nimeizidisha kwa sababu yako. Si wewe uliyesema supu yangu imepooza kama maji ya kuoshea vyombo?"

"Bora ungempa hayo maji," Nizar akamkata.

Bi Mannoubia alimtazama mwanamke huyu aliyemkanda miguu, aliyemwogesha homa ilipompanda. Kumbe alikuwa akiosha maiti kabla haijafa!

"Nyoka," akasema. "Nimefuga nyoka nikamwita binti."

Nizar hakupaza sauti. Alimwambia mkewe achague: akubali talaka na amwache mtoto wao, au karatasi ile iende polisi. Dorsaf akamgeukia mama mkwe. Mama mkwe akageuza uso.

Kaka yake Dorsaf alikuja kumchukua kwa gari la kubebea zeituni. Majirani walikuwa wamejaa mlangoni. Bi Mannoubia mwenyewe ndiye aliyewaita. Mbele yao akamtemea mkwewe mate. Na Yosr, mjukuu wake mdogo, alipolikimbilia gari akipiga mayowe, bibi alimkamata mkono, akaubana mpaka vidole vikaacha alama.

"Atasahau," Nizar alisema jioni ile, akisoma kitu kwenye simu na kutabasamu. "Na wewe usihangaike, mama. Kabla ya Ramadhani nitakuletea mkwe mwingine. Binti wa mkuu wetu wa idara."

"Mara hii umempata?"

"Riziki, mama." Akajipulizia manukato, akatoka.

Bi Mannoubia akamtafuta mtoto, akamkuta amejikunyata chini ya meza. Alikuwa ameokota karatasi moja, safi, ambayo haikuwa imechovywa popote, ameiweka mapajani. Alilia bila sauti. Machozi yake ya chumvi yalimtiririka hadi kidevuni, yakadondoka.

"Njoo kwa bibi, kipenzi."

Yosr hakusogea. Alikuwa ameikodolea macho ile karatasi. Kila palipoangukia chozi, wekundu ulikuwa umekufa, pamekuwa buluu.

"Bibi," akauliza, "kumbe na mimi nina sumu?"