Msichana wa Benchi la Nyuma

Kila Dorkasi alipofagia kanisa, alikuta vumbi kwenye mabenchi yote isipokuwa pembe moja ya benchi la nyuma.

Siku ya Marehemu Wote, Padre Hilari alisoma majina ya watumwa waliokombolewa, waliolijenga kanisa hilo. Kwa kila jina, ukoo wake ulisimama.

“Msichana wa benchi la nyuma. Jina halijulikani.” Hakuna aliyesimama. “Basi, mwakani tutamfuta orodhani.”

Dorkasi akasimama.

“We mtoto, keti!” Mama Febronia, aliyeketi kando yake, alinong'ona. “Unamsimamia nani?”

Siku ya kufa kwake, bibi yake alimwachia jina moja, la aliyekuwa akiketi pembe ile ya nyuma. Dorkasi hakuwahi kulitamka.

“Nambewe,” alisema. “Alimzaa bibi yangu. Aliitwa Nambewe.”

Nyuma, benchi tupu likalia, kama mtu ameinuka.