Kompyuta Iliyofunikwa

Kitambaa kilikuwa cha moto. Syokau alikivuta kwa ncha za vidole, akaigusa kompyuta ubavuni, akautoa mkono haraka. Skrini ilikuwa nyeusi. Akabonyeza kile kitufe ambacho kaka yake hubonyeza kila asubuhi. Hakuna kilichowaka.

Kitambaa alikuwa amekishona mwenyewe kwa krosheti, uzi mweupe na maua ya zambarau pembeni. Katika chumba chao cha Kawangware kila kitu kilikuwa na cha kwake: viti, redio, hata ndoo ya maji ya kunywa. Kompyuta peke yake ndiyo iliyokaa wazi, kama mgeni ambaye hajakaribishwa. Asubuhi hiyo Mutuku, kaka yake, alikwenda mazishini akaiacha ikiendelea kushusha mafaili yake ya kazi. Syokau akaifunika mbele na nyuma, akakaza vizuri, ili kaka akirudi afurahi.

Sasa ndipo alipokumbuka yale matundu ya nyuma. Kila Jumamosi Mutuku huyapuliza vumbi, akisema mashine nayo lazima ipumue.

Alikisukuma kitambaa chini ya godoro.

Mutuku aliporudi, aliinama nyuma ya meza, akabonyeza, akangoja, akabonyeza tena.

"Imezima tu hivi?"

"Nimeikuta hivyo," Syokau alisema, akitazama sakafu.

Kesho yake Mutuku aliibeba hadi Laini Saba, Kibera, kwa Wanzala, fundi wa kompyuta aliyesoma naye sekondari. Alirudi mikono mitupu.

"Imeenda, Syo. Bodi imeungua. Wanzala amesema hakuna cha kuokoa."

Hakumuuliza lolote, wala hakumtazama vibaya. Afadhali angemfokea.

Kompyuta ile ndiyo iliyowalisha. Mutuku alikuwa akiifanyia kampuni moja ya ng'ambo kazi kupitia mtandao, kuchagua picha na video za watu, zipi zibaki na zipi zitolewe. Syokau aliacha shule kabla ya kumaliza darasa la nane na hakuelewa zaidi ya hapo. Yeye alidhani ni mambo ya harusi na magari. Mutuku aliketi mgongo ukiwa ukutani, spika za masikio zimembana kichwa, na Syokau alijua hapaswi kupita upande ule. Ni kazi hiyo iliyomnunulia mama yao dawa za sukari kule Kitui. Mama alikuwa amewaambia majirani wote kwamba mwanawe anafanya kazi na Wazungu bila kutoka nyumbani.

Sasa mwanawe alikuwa akibeba mawe mjengoni, huko Riruta. Alirudi na malengelenge mikononi, vumbi la simiti hadi kwenye kope. Syokau alimchemshia maji ya chumvi, akamshika viganja vile bila kuinua macho. Kila siku alijiambia atasema chakula kikiiva. Chakula kiliiva, kikaliwa, vyombo vikaoshwa.

Kilichomtesa zaidi ni wema wa kaka yake. Mutuku alianza kuimba akioga. Alilala fofofo, yeye ambaye alikuwa na tabia ya kuamka na kukaa kitandani akiwa amewasha taa. Siku moja alileta matumbo, akakata mwenyewe, akala na kulamba vidole, na nyama ilikuwa imeacha kumpita kooni tangu mwaka jana. Syokau alimtazama akitafuna na machozi yakamlenga. Alijua anajikaza ili yeye asijisikie vibaya.

"Huyu kaka yako amenona," jirani yao Trizah alimwambia wakianika nguo. "Alikuwa wa kompyuta akakaa kama maiti. Sasa ni wa mjengo, anang'aa. Unampikia nini, utupikie na sisi?"

Syokau alicheka kidogo, akajificha nyuma ya shuka.

Kisha jiwe likamwangukia Mutuku mguuni. Aliingia akichechemea, akasema ni kitu kidogo, kesho ataenda kazini vilevile. Na akaenda. Syokau alibaki mlangoni akimwangalia akiuburuta ule mguu kwenye matope hadi akapotea kwenye kona.

Alikitoa kitambaa chini ya godoro, akakifunga ndani ya leso, akatembea hadi Laini Saba. Kumwambia Mutuku uso kwa uso hakungewezekana, alijijua. Lakini fundi angeweza kumsemea, na pengine, akijua jinsi mashine ilivyoumia, angeona pa kuanzia.

Wanzala alikuwa amejikunja juu ya laptopu iliyofunguliwa, bisibisi mdomoni. Alimwambia karibu, akamsukumia stuli. Syokau hakukaa. Alikitandaza kitambaa mezani, katikati ya skrubu na nyaya.

"Niliifunika na hii ikiwa imewashwa," alisema. "Ni mimi niliiua. Mwambie Mutuku, tafadhali. Mimi siwezi. Ataumia huko kwa sababu yangu."

Wanzala alitoa bisibisi mdomoni. Alikitazama kitambaa, akamtazama yeye. Kisha akageuka, akashusha kompyuta ya Mutuku kutoka rafu ya juu, akachomeka waya na kubonyeza.

Ikawaka.

"Ilikuwa na joto tu, siz," alisema polepole. "Kufika hapa ilikuwa imepoa. Iliwaka mara moja, Mutuku akiwa amesimama hapo ulipo, na vile iliwaka akaanza kulia. Mimi nikadhani ni furaha. Akanishika mkono, akaniomba niseme imekufa, kwa sababu hajui vile ataambia mama yenu hawezi tena kulipwa aangalie watu wakichinjwa."