Bahasha Kumi na Moja

Bahasha zilikuwa kumi na moja, na zote zilikuwa na jina la shangazi yake.

Khalil alikaa sebuleni kwake Ibra, mkasi mkononi, boksi kutoka Uingereza limefunguka mbele yake. Alilinunua mnadani kwa simu wiki ile pauni ilipoanguka. Waingereza walikuwa ndiyo kwanza wamemzika malkia wao, serikali mpya ikatangaza bajeti iliyowatia watu kiwewe, na riali ya Omani, ambayo thamani yake imefungwa na ya dola, ikawa ghafla inanunua mambo ya London kwa bei ya kutupa. Tangazo lilikuwa fupi: barua za Portsmouth kwenda Maskati, 1973 hadi 1975, zimerudishwa, hazijafunguliwa. Aliyeziandika amefariki mwezi wa Aprili, vitu vya nyumba vinauzwa.

Pembeni ya kila stempu ya malkia, karani wa posta ya Maskati aliandika kwa Kiarabu, wino mwekundu: imekataliwa. Kwa mkusanyaji, alama hiyo ndiyo mali.

"Dunia yote hii," alisema mkewe Basma, "wewe ukanunua barua za chumba cha uani kwako!"

Chumba cha uani kilikuwa cha Bi Mahbouba. Ndiye aliyemlea Khalil tangu ananyonya. Baba yake na mama yake, kama alivyoambiwa, walikufa Unguja mwaka wa sitini na nne.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea halwa?"

Akamwekea bahasha mapajani. Bi Mahbouba alivaa miwani, akaitazama ya juu mpaka kahawa yake ikapoa.

"Nani huyu wa Portsmouth?" Khalil aliuliza. "Nyuma kaandika namba ya nyumba tu, jina hana."

"Mtu."

"Mtu gani anaandika mara kumi na moja hajibiwi?" Khalil alicheka. "Shangazi, kumbe ulikuwa na mchumba Uingereza!"

Bi Mahbouba alitabasamu kidogo. "Alitaka nisichoweza kumpa. Nikamwambia karani azirudishe zote."

"Masikini. Kafa Aprili hii."

"Allah amrehemu." Alizipanga bahasha zikakaa sawasawa, akamrudishia. "Usizifungue, Khalil. Nina miaka themanini na minane, usinivue nguo uzeeni. Ziuze, ziende mbali."

Khalil hakuwahi kumkatalia shangazi yake neno. Na kusema kweli, fedha alizihitaji.

Mnada uleule ulikuwa na albamu ya picha za skuli ya wasichana ya Unguja, mwaka wa 1958. Mama yake alisoma pale. Khalil hakuwa na picha yake hata moja, na hilo ndilo lililomwingiza katika vitu vya Waingereza: miaka ishirini ya kupekua kadi na magazeti yao, akitafuta uso asioujua. Albamu ilikuwa iuzwe Alhamisi. Pauni bado ilikuwa chini, lakini London walishaanza kunong'ona kwamba serikali haitamaliza mwezi. Ikiondoka, pauni itapanda, na albamu itamshinda.

Jumatano, Mahrous alikuja kutoka Sur. Alikuwa mfanyabiashara wa stempu; wazee wake waliuza karafuu Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa cha kulekule.

"Nazipiga taa kwanza," alisema. "Wapo wanaotia gazeti ndani."

"Tazama kama mna karatasi tu. Usisome. Nimempa shangazi ahadi."

"Aa, ndugu yangu, mimi nanunua bahasha. Mapenzi ya wazee yananihusu nini?" Alimulika moja, akaona mistari ya wino, akazima papo hapo. "Yallah. Zilizofungwa hivi zina watu Dubai. Zikishafunguliwa, khalas, ni karatasi za kufungia njugu."

Alitoa bei nzuri. Alhamisi albamu ikawa ya Khalil.

Ilifika baada ya wiki mbili. Khalil alikwenda nayo moja kwa moja chumba cha uani, na kioo cha kukuzia. Wasichana arubaini kwenye ukurasa mmoja, sare nyeupe, majina hakuna.

"Yupi, Shangazi?" Akamsogezea kioo.

Kidole cha Bi Mahbouba kilipita safu ya kwanza. Kikasita katikati ya safu ya pili. Kisha kikaendelea mpaka pembeni kabisa, kwa msichana aliyegeuza kichwa wakati picha inapigwa, uso wake umekuwa ukungu.

"Huyu."

Khalil aliubusu ukurasa. Kisha akaubusu mkono wa shangazi yake, akalia juu yake.

"Basi, mwanangu," alisema Bi Mahbouba, akimpapasa kichwa. "Si umeshampata?"

Jioni ile, Sur, Mahrous alikuwa akizipiga picha bahasha kwa ajili ya mnunuzi wa Dubai. Ya mwisho, ya 1975, aliilaza juu ya kioo chenye taa chini yake. Karatasi ya ndani ilikuwa moja, nyepesi, na maandishi yalikuwa ya Kiswahili. Alikwishasoma kabla hajaikumbuka ahadi.

"Mahbouba, ulisema unampeleka Pemba wiki moja tu. Leo Khalil wangu anatimiza miaka kumi na miwili. Kama humrudishi, niletee hata picha, niujue uso wake."

Mahrous alizima taa, akaiweka bahasha pamoja na zile kumi, akaandika bei.