Upande wa Ukucha

"Kinoe, upesi!" Mgeni alikitupa kisu cha kukunja mezani kwa Tabu, kikagonga jiwe la kunolea.

Tabu hakukigusa. Visu vya kukunja alivijua hata vikiwa vimefungwa: chembamba cha kumenyea machungwa, kipana cha kuchunia ngozi, na hiki cha kupogolea miti, ambacho bapa lake limepinda kama ukucha wa mwewe.

"Chako?"

"Changu, huu mwaka wa kumi. Kwani wewe fundi au askari?"

"Basi kikunjue, nione makali."

Mgeni alisonya. Akakishika kama kila mtu anavyokishika, akapapasa kwa ukucha wa kulia akitafuta mfuo wa kufungulia. Hakuupata. Mfuo ulikuwa ubavu wa pili. Tabu mwenyewe ndiye aliyeuchonga huko, kwa ajili ya kaka yake, mtu wa shoto, aliyevuka mto miezi mitatu iliyopita kwenda kupogoa miti ya watu, na hajarudi.

"Miaka kumi," Tabu alisema, "na bado hujui kinafunguliwaje?"

"Nipe muda, mwanamke! Kimeshika kutu."

Tabu alimpokonya, akakikunjua kwa ukucha wa kushoto mara moja. Hakikuwa na kutu hata chembe. Akaanza kukinoa, macho hayabanduki usoni pa mgeni, mpaka jiwe likanyamaza.

Mgeni akarudi nyuma hatua moja.

"Unakwenda wapi?" Tabu alizunguka meza. "Si ulitaka upesi?"

Akamnyooshea kisu cha kaka yake, ncha mbele.