Gome la Ipole

Dokta Adinani alilinusa gome, akalilamba, kisha akamwambia dereva azime gari. Hakumwamkia mtu.

Gome lenyewe lilikuwa limeegemezwa kwenye ukuta wa jiko la mzee Masolwa, kule Ipole. Lilikuwa pana, limejikunja, na upande wa ndani lilikuwa jeusi na la kunata.

"La mti gani hili?"

"Myombo," alisema Masolwa. "Lakini hilo..."

"Mzee, jibu ninachouliza. Mnalitumia kutibu nini?"

"Mke wangu Levina hukwangua kidogo, akajipaka magoti yakivimba. Ila, daktari, hilo ni..."

"Inatosha."

Alikuwa msomi wa aina ile: akishasikia anachokitaka, hasikii tena. Akalibeba gome kwapani, akaondoka. Nyuki wawili wakamfuata hadi garini, dereva akawafukuza kwa gazeti.

Uprofesa ulikuwa umempita Adinani mara mbili, na chuoni walishamwambia kwamba ya tatu ndiyo ya mwisho. Sasa maabara ikamchekea. Gome lilikuwa na antioksidanti, zile kemikali za kuukinga mwili, nyingi kuliko mmea wowote aliowahi kupima, na miguu ya panya iliyovimba ilinywea kwa siku mbili. Akaandika makala ndefu kuhusu maajabu ya myombo. Humo akaongeza kwamba wapagazi wa misafara ya kale, wakiingia Tabora na pembe za ndovu mabegani, walijitibu nyayo kwa gome hilohilo. Hakuna aliyemwambia hivyo. Aliona tu inapendeza.

Balaa lilianza kamati ya chuo ya kupandisha vyeo ilipotaka kupima magome mapya. Vijana wa maabara walichuna miyombo arobaini, masikini, na hawakupata chochote cha maana. Mtu mwenye haya angenyamaza. Adinani alisema wamekosea mti, akawapakia maprofesa watatu wa kamati kwenye gari, wote na buti mpya, hadi uani kwa Masolwa.

Safari hii alianza kwa kuinama.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Habari za mjini?"

"Si nzuri. Naomba uwaonyeshe wakubwa zangu hawa ule mti wenyewe. Wakiondoka hapa bila kuuona, uprofesa wangu umekwisha."

Masolwa aliagiza viti, akasubiri wageni waketi, kisha akamtazama Adinani kwa huruma, ya kweli kabisa, ambayo huyo bwana hakuistahili.

"Mti gani, daktari? Ulichochukua ni kipande cha mzinga wangu mbovu wa gome, nyuki walikaa humo miaka tisa. Levina alikuwa akikwangua gundi yao, ile nyeusi wanayopaka ndani ya mzinga. Gome lenyewe huwa tunawashia moto."