Togwa Yangu ya Kwanza

Tangu maji yaharibike, kila nyumba hujichachushia togwa yake ya kunywa. Kwa kuwa nyingine huua, aliyeitengeneza huonja kwanza, wenzake wakimtazama mpaka jua lizame. Leo zamu yangu, bi harusi wa juzi. Nimechanganya kimea cha ulezi na nanasi, nikajisifu sana.

"Ukianguka," mama mkwe akanitania, "nitamwoza mwanangu kwa anayejua kupika."

"Basi mtafutie kiziwi, mama, maana anakoroma!"

Tukacheka. Nikanywa kikombe kizima. Tamu kweli, ila ikaniachia ladha ya kutu ulimini. Nikafuta midomo, nikatabasamu.

Chausiku, mtoto wa wifi yangu, akanipandia mapajani kama kawaida yake. Mama mkwe akamnyanyua taratibu, huku bado anacheka.

"Sogea hapo mlangoni, mwanangu," akaniambia. "Penye mwanga."