Kengele Isiyonyamaza

Kengele ilipoanza kugonga, Mwaisha alikuwa ameinama kwenye maharage. Mpaka ananyoosha mgongo, ilikuwa haijanyamaza.

Kengele ya shule hugonga ikaacha. Inagonga watoto waingie, inaacha. Inagonga wakanywe uji, inaacha. Hii haikuacha. Ngo, ngo, ngo, ngo, kama inagongwa na mtu aliyepagawa.

Shule zilipofunguliwa, Mwalimu Mkuu Abdulswamad aliwaambia kwenye kikao cha wazazi: "Ikigongwa bila kunyamaza, jueni kuna hatari. Acheni kila kitu mje." Wazazi wengine walicheka. Mwaisha hakucheka.

Jembe likamtoka mkononi.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu Ijumaa, ndiyo kwanza imepumzika, na ukungu umeufunika mlima wote. Mlio ulijaa kila upande. Ulipiga mwamba huu ukarudishwa na ule, huwezi kuunyooshea kidole.

"Shuleni!" Mzee Maneno alipiga kelele kutoka shamba la pili. "Mama Kibwana, ni shuleni huko!"

Kibwana wake alikuwa darasa la tatu.

Walishuka mbio, tope mpaka kwenye vifundo. Mwaisha alianguka, akainuka, akavua kandambili akazitupa. Walipofika njia panda, pale panapoanza kinjia cha kupanda kwenda shule shikizi, hata shingo hakugeuza. Ile shikizi ni darasa moja tu la mabati, walilojengewa watoto wa darasa la kwanza wasiwe wanashuka mbali. Maimuna, mwanawe mdogo, alikuwa huko. Asubuhi alimpeleka mwenyewe mgongoni, maana maji yaliyokuwa yanateremka njiani yalikuwa mekundu, yanamfika mtoto magotini.

"Afadhali mdogo yuko juu," alijisemea. "Ee Mungu, niachie na huyu mkubwa."

Hapohapo njia panda, Jumatatu, walisimama wakamtania Athanas wa bodaboda. Alikuwa anahangaika kupandisha pikipiki, nyuma amefunga rimu ya lori.

"Shemeji, huko juu hata baiskeli haifiki! Lori unalikuta wapi?"

"Linakuja linatambaa," Athanas akajibu. "Mimi nimetangulia na mguu wake."

Siku ile walicheka mpaka wakashika mbavu. Leo hakuna aliyekuwa na pumzi hata ya kuongea.

Kadiri walivyoshuka, kengele ilizidi kufifia.

"Anayegonga anaishiwa nguvu," Mzee Maneno alisema huku anahema.

"Usiseme hivyo, baba. Usiseme."

Wakavuka mto. Ulikuwa umejaa, unavuma, na walipotokea ng'ambo hawakuisikia kengele tena. Mwaisha akazidisha mbio.

Kiwanja cha shule kilikuwa kimetandikwa majani ya migomba. Juu ya majani walilala watoto. Wamelala chali, wamelala kifudifudi, mashati meupe yamelowa wekundu. Hakuna aliyelia. Hicho ndicho kilichommaliza Mwaisha: watoto wote wale, na hakuna hata mmoja aliyelia.

Alimjua Kibwana kwa yeboyebo ya mguu wa kushoto, ile aliyoifunga mwenyewe kwa kipande cha kanga. Alikuwa karibu na goli, kichwa kimefungwa kitambaa chekundu, mdomo wazi.

"Mwanangu! Jamani, mwanangu mimi!" Alimwangukia kifuani.

Jicho moja la Kibwana likafunguka.

"Mama, niache," alinong'ona bila kutikisa midomo. "Mimi ni maiti. Nikiamka nanyimwa soda."

Mwaisha alimkodolea macho. Kisha akanusa shati. Rozela. Ile rozela ya kupikia juisi aliyoombwa jana, eti ya shughuli ya shule, akatoa bila kuuliza shughuli gani. Akainua macho, na sasa ndipo alipowaona wageni kutoka mjini, wamevaa vizibao vya rangi ya chungwa, wanamfunga bandeji mtoto anayejizuia kucheka.

"Ni zoezi, mama," mmoja alimwambia. "Tunawafundisha watoto na walimu kuokoana, mlima ukiporomoka."

Mwaisha alimpiga Kibwana kofi la bega, akambusu palepale alipompiga.

"Maiti gani ana kamasi?" Mzee Maneno alisema. "Huyu dawa yake ni fimbo." Kiwanja kizima kikacheka, na maiti nao wakacheka.

Mwalimu Mkuu alikuja amekunja uso. Hata shikamoo ya Mwaisha hakuiitikia.

"Nani amewaita nyinyi? Zoezi lenyewe halijaanza, wageni ndio kwanza wanawapaka watoto rangi. Mnakuja kutuharibia na vilio?"

"Si ni kengele, mwalimu. Tumeisikia mpaka shambani."

"Kengele gani?"

Aliinua mkono. Nondo ya kugongea alikuwa ameishika yeye. Nyuma yake, mtini, kengele ilikuwa inaning'inia imetulia, matone ya mvua yamejipanga kwenye ukingo wake, hata moja halijadondoka.

"Sisi hatujagonga," alisema.

Mwaisha aliitazama ile kengele. Ilikuwa rimu ya lori, sawasawa na ile ya Athanas.

"Nyamazeni!" alipiga ukelele, na kiwanja kizima kikanyamaza.

Ndipo wakaisikia, ng'ambo ya mto, juu kabisa kwenye ukungu, huko alikomwacha Maimuna. Ngo. Ngo. Kisha ikakatika.